Baba wa uzioni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinaanza na methali iliyotumiwa vibaya. Binti wa miaka 8 aliketishwa juu ya farasi kwa mara ya kwanza, akazungushwa kiwanjani kwa kamba kwa muda usiozidi dakika 10, na tangu jioni ile nyumbani hakukukalika. Habari ikawa farasi asubuhi, farasi mchana, farasi usiku. Daftari la hesabu likajaa vichwa vya farasi, ufagio ukafungwa kamba shingoni na kuitwa jina. Baba yake, mtu mpole ambaye hata mbwa wa jirani humzunguka kwa mbali, alivumilia wiki kadhaa kisha akasema: mtoto akililia wembe, mpe. Akamlipia masomo sita. Hesabu yake ilikuwa kwamba ataanguka mara moja, atachubuka goti, na mambo yataishia hapo.

Huu ni mwaka wa tatu na mambo hayajaisha. Baba huyu ni rafiki yangu, nami nimekifuata kisa chake kwa karibu, mara nyingine kwa karibu kuliko alivyopenda. Amekubali nikiandike mradi nisiwataje. Jina nililolibakiza ni la farasi tu, kwa kuwa yeye hana pa kulalamikia.

Farasi huyo huitwa Babu. Ni poni, yaani farasi mdogo ambaye kimo chake mabegani hakizidi sentimita 148, na alipoletewa binti huyu alikuwa na miaka zaidi ya 20. Farasi akitunzwa vizuri hufika 25 au 30, kwa hiyo jina halikuwa la utani. Alishafundisha watoto wasiohesabika. Alijua lini mtoto amekaa vibaya, na badala ya kumwangusha alisimama, akageuza shingo na kumtazama, kama mwalimu mkongwe anayesubiri darasa linyamaze.

Kosa la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lililozaa mengine yote, lilikuwa la kutazama. Somo lilikuwa la dakika 30. Binti alitaka kufika saa nzima kabla na kuondoka saa nzima baadaye. Katika muda huo alimpiga Babu brashi, akamwinua miguu mmoja mmoja na kukwangua tope kwenye kwato, akajifunza kufunga tandiko na kumvisha hatamu. Alijifunza kwamba farasi huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia wake, na ndiyo maana humwendei kutoka nyuma kimyakimya. Unamwendea kwa upande wa bega, ukimsemesha. Alijifunza masikio: yakielekea mbele kuna kitu kimemvutia, yakilala kabisa nyuma amekasirika, na sikio moja likigeuka kwako ujue unasikilizwa.

Baba aliyaona hayo yote kuwa ni kupoteza muda. "Mimi nalipia kupanda," aliniambia, "silipii kufagia." Kwake yeye farasi alikuwa chombo cha kuchezea mchezo. Kwa mtoto, kupanda ilikuwa sehemu moja tu ya urafiki. Hakuna aliyelisema hili waziwazi, mtoto kwa sababu hakuwa na maneno yake, baba kwa sababu hakuuliza.

Kuanguka

Mwezi wa tano wa masomo mtoto alianguka kama ilivyotabiriwa. Walikuwa katika matiti, mwendo wa mapigo mawili ambao mpandaji huinuka na kukaa kwa kuufuata. Ukikosa pigo unarushwarushwa kama gunia. Ndege alichomoka darini, Babu akaruka kando hatua moja, na binti akateleza upande wa pili akafikia ubavu. Hakuwa ameumia. Lakini baba, ambaye siku zote husimama uzioni ameukamata ubao kwa mikono miwili, aliuruka ule uzio akaingia kiwanjani mbio huku akipiga kelele. Babu aliyekuwa ameshatulia akatimka. Farasi wengine wawili nao wakaanza kuyumba na watoto wa watu migongoni.

Mwalimu hakukimbia. Alitembea, akamwambia binti asisimame kwanza, akamuuliza kichwa, shingo, leo ni siku gani, ulikuwa unapanda nani. Kofia yake ngumu ilikuwa na mkwaruzo pembeni, basi siku ile hakupanda tena, na kofia ikatupwa. Baba alishangaa kutupa kitu kinachoonekana kizima. Lakini kinachomlinda mtoto ni ile tabaka ya ndani, ambayo hukubali kubonyea mara moja ili fuvu lisibonyee. Ikishafanya kazi yake imekwisha, hata kama gamba la nje linang'aa. Kofia ya baiskeli nayo si mbadala, maana haikuundwa kwa kuanguka kutoka kimo kile wala kwa kwato.

Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto akianguka lazima arudishwe juu palepale, woga usije ukakaa. Mimi sikubaliani na hilo likifanywa kuwa sheria. Kama kichwa hakikuguswa na mtoto mwenyewe anataka, arudi, hata kwa mzunguko mmoja wa kutembea. Kama kichwa kimegonga, au hata kuna shaka tu, siku imeisha. Kisha usiku mzazi anaangalia kutapika, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka. Moja tu likitokea, ni hospitali. Si lazima mtoto awe amezimia ndipo ubongo uwe umetikisika.

Miezi mingi baadaye binti alimwambia mama yake kwamba siku ile alilia kwa sababu ya sura ya baba. Maumivu hayakuwepo. "Nilidhani nimekufa," alisema. Mtoto husoma hatari usoni mwa mzazi kabla hajaisikia mwilini mwake, na farasi naye humsoma mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio dogo ninalolipenda sana. Watu waliongoza au kupanda farasi wakipita mahali fulani mara nne, na kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi, ambao hakuna aliyewaambia lolote, yakapanda pia. Sasa mchukue baba anayesubiri mwavuli kila Jumamosi, umsimamishe mita tano kutoka kwa binti yake. Hofu inatoka uzioni, inapitia kwa mtoto, inashuka hadi kwenye tandiko.

Woga ulivyogeuka fahari

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, kwa kuwa baba hakuendelea kuwa mwoga. Mwaka wa pili yalifanyika mashindano madogo ya palepale mabandani, na binti akarudi na utepe wa nafasi ya tatu. Baba aliutundika sebuleni. Akaupiga picha, akawatumia ndugu. Mtu aliyekuwa akifumba macho mtoto akienda matiti sasa alikuwa akiuliza ataanza lini kuruka vihunzi. Simlaumu sana. Fahari ni njia mojawapo ya kuukimbia woga: ukiweza kuhesabu mafanikio ya mtoto, unaacha kuhesabu hatari zake.

Akaweka na zawadi. Kila utepe, zawadi yake; kihunzi kikipanda kimo, zawadi nyingine. Alitaka kumtia moyo mtoto ambaye, ukifikiri, hakuwa amepungukiwa moyo hata siku moja.

Kuna utafiti wa zamani unaoligusa hili moja kwa moja. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti bila kutarajia, wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa mezani, anayetaka achukue. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakubadilika. Kwa hiyo zawadi yenyewe haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye mapatano. Ukimlipa mtoto kwa anachokipenda, unamfundisha kwamba ni kazi.

Pamoja na zawadi likaja badiliko la farasi. Babu hakuwa tena wa kuruka, na baba aliomba mtoto ahamishiwe kwa farasi wa miaka sita, mwenye nguvu, mrukaji. Mwalimu alisita, kisha akakubali. Baadaye alikiri kwamba hakupaswa kukubali, nami namheshimu kwa hilo. Desturi ya kazi ile ni kwamba mpandaji mchanga hupewa farasi mzoefu, na farasi mchanga hupewa mpandaji mzoefu. Kila pambano linahitaji angalau mmoja anayejua linaendaje. Farasi mpya hakuwa mbaya. Alikuwa mwepesi tu, akijibu kila mguso wa mguu na kila mvuto wa hatamu, hata ile miguso ambayo mtoto hakujua ameifanya.

Vihunzi vilipanda kutoka sentimita 30 hadi 60. Tepe zikaongezeka hadi tano. Ukuta wa sebule ulipendeza.

Jumamosi za tumbo

Kisha tumbo likaanza kuuma. Jumamosi tu, asubuhi tu. Daktari hakuona kitu. Mara kofia imepotea, mara kazi ya shule ni nyingi. Wiki moja binti alisema neno ambalo lilimwangusha baba kuliko Babu alivyomwangusha mtoto: "Nafikiri nimeacha kupanda."

Baba aliniletea maelezo matatu, na inafaa kuyapima moja moja kwa kuwa ndiyo anayoyafikiria mzazi yeyote. La kwanza ni kwamba ule mwanguko ulimwachia hofu. Sikuona ushahidi. Baada ya kuanguka alipanda kwa furaha karibu mwaka mzima, na dalili zilianza baada ya kubadilishwa farasi, nyakati ambazo hakuwa ameanguka kabisa. La pili, uvivu. Hili halikuhitaji dakika mbili: ni mtoto aliyekuwa akiamka kabla ya jua kwenda kusomba samadi. La tatu, kwamba ni utoto tu, hamu imepita kama zilivyopita za kabla yake. Hilo lingewezekana, na mzazi awe tayari kwa hilo. Mtoto ana haki ya kuacha. Ila daftari la hesabu lilikuwa bado linajaa farasi. Na wote, mama alipotaka nitazame, walikuwa wafupi, wenye tumbo na singa ndefu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yule mrukaji.

Mama mtu ndiye aliyekata mzizi wa fitina. "Hivi anayepanda farasi ni mtoto au ni wewe?" alimuuliza mumewe. Baba alinuna siku mbili. Ya tatu akaenda kumwona mwalimu peke yake, bila mtoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaambiwa kitu ambacho kila mtu mabandani alikijua: kila Jumamosi binti hufika, huenda kwanza kwa Babu, hukaa naye mpaka aitwe mara mbili, na njiani kuelekea kwa farasi mwingine hatembei, hujikokota.

Waliongea garini wakirudi shule. Nimeona kwamba gari ni mahali pazuri kwa mazungumzo ya namna hii, wote wakitazama mbele, hakuna anayelazimika kutazamana na mwenzake. Safari hii baba hakuuliza kwa nini hutaki kupanda. Aliuliza, "Babu hajambo?"

Kimya kirefu. Kisha: "Babu nikiingia hugeuza masikio, Baba. Yule mwingine hanijui. Na nikikosea kwa yule, wewe hupati utepe."

Wewe hupati utepe. Baba aliniambia ilibidi asimamishe gari.

Walichofanya

Zawadi zilikoma bila hotuba. Tepe zikateremshwa ukutani na kupewa mwenyewe. Alizitia kwenye kisanduku cha brashi, na moja akamfungia Babu kwenye singa. Kwa wiki sita hakupanda kabisa. Alikwenda siku zilezile, akafanya kazi za banda, akamtembeza Babu kwa kamba, akamfundisha kurudi nyuma hatua tatu kwa kuguswa kidole kifuani. Baba alihofia kwamba wiki sita ni kuaga kistaarabu. Nami sikuwa na hakika. Wiki ya nne binti mwenyewe aliuliza kama anaweza kumpanda Babu bila tandiko, kutembea tu, mwalimu akishika kamba.

Tatizo la uzio lilitatuliwa na mwalimu kwa njia ambayo mimi na vitabu vyangu tusingeifikia. Hakumwambia baba aondoke, wala hakumwambia atulie, maana hakuna mtu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie. Alimpa ndoo. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 za maji kwa siku, na mabanda yale yana farasi 11 na bomba moja lililo mbali. Tangu siku ile, binti akiwa kiwanjani baba anabeba maji. Hupita, hutupa jicho, husikia kwato, ndoo inamkumbusha kwamba inamwagika. Baada ya miezi miwili aligundua kwamba ameshapita nyuma ya farasi mara nyingi, kwa mkono mgongoni mwa mnyama kama inavyotakiwa, bila kufikiri.

Likabaki swali la kununua. Baba, kama watu wengi wanaojuta, alitaka kutubu kwa kitu kikubwa. Kwa bahati alikaa kwanza na mwalimu wakaandika kazi, si bei. Farasi wa kilo 500 anahitaji kati ya kilo 7 na nusu na 10 za majani makavu kila siku, akifanya kazi au akipumzika. Kwato zinakatwa na fundi kila wiki sita hadi nane. Kuna chanjo, kuna meno, kuna usiku wa msokoto wa tumbo, kwa kuwa farasi hawezi kutapika na kinachomkaa vibaya tumboni kinaweza kumuua. Mtoto anakua, farasi hakui naye. Anayemnunulia mtoto wa miaka 10 farasi anafanya ahadi inayoweza kumfikisha mtoto huyo miaka 25. Wengine wanaiweza. Wao walichukua njia ya kati: walichangia utunzaji wa Babu, na siku mbili kwa wiki Babu akawa jukumu la binti, apandwe asipandwe.

Sasa ana miaka 11. Huruka vihunzi tena, vya chini, kwa farasi jike wa miaka 14 aliyemchagua mwenyewe baada ya kumpiga brashi mwezi mzima. Alishindana mara moja akawa wa mwisho, na baba anadai hakujali. Namwamini nusu.

Lisilotatulika ni Babu. Mwalimu alimweleza binti kwamba farasi kwa kawaida asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, mpandaji na tandiko kwa pamoja, na kwamba kwa umri wa Babu yeye ameishusha hadi 15. Babu ana kilo 300. Wiki iliyopita baba alikuwa akitafuta brashi kwenye kile kisanduku, akakuta chini ya tepe karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake kulikuwa na safu ya tarehe, moja kila mwezi, na mbele ya kila tarehe namba: uzito wa binti, ukijumlishwa na kilo sita za tandiko. Namba ya mwisho ilikuwa 41. Pembeni ilikuwa imeandikwa 45, ikazungushiwa duara.

Alikuwa bado ameishika binti alipoingia na hatamu begani.

"Zimebaki kilo nne, Baba," alisema, akaichukua, akaikunja tena.